Kurusha simu kwenye TV bila waya: njia mbili, na kwa nini zinakataa

Muulize muuzaji yeyote wa TV katika Barabara ya Sokoine, Arusha, kama TV unayoitazama inapokea simu bila waya. Atakujibu kwamba ni smart, kwa hiyo inapokea. Ukifika nyumbani Sakina unakuta simu ya mama inaingia, ya kijana haiioni TV kabisa, YouTube inakubali, Netflix inatoa kioo cheusi, na bando la wiki limekatika jioni moja. Mara nyingi hapo TV haina kasoro yoyote. Kuna njia mbili zisizofanana kabisa za kupeleka kilicho kwenye simu hadi kwenye TV, na TV inaweza kuwa na moja ikakosa nyingine.

Katika njia ya kwanza, simu inachukua picha ya kioo chake chote, inaibana iwe video, kisha inairusha hewani moja kwa moja mpaka kwenye TV. Unachokiona kwenye simu ndicho kinachoonekana ukutani, iwe ni picha za harusi, WhatsApp au kikokotoo. Katika njia ya pili simu hairushi picha yoyote. Inaiambia TV ifungue video fulani, TV inaingia intaneti yenyewe kuifuata, na simu inabaki kuwa rimoti. Hapa tutaiita ya kwanza kurusha kioo na ya pili kutuma video. Ukishajua uko kwenye njia ipi, karibu kila tatizo linajieleza: bando linaliwa wapi, betri inaishia wapi, kwa nini TV haionekani kwenye orodha, na nini cha kubadilisha kwanza.

Kurusha kioo

Kwa simu za Android, teknolojia ya kurusha kioo ni Miracast. Ilitolewa mwaka 2012 na Wi-Fi Alliance, umoja wa makampuni unaosimamia viwango vya Wi-Fi, na Android ikaanza kuibeba mwaka huohuo katika toleo la 4.2. Simu na TV zinaunganika zenyewe kwa zenyewe kupitia kitu kinachoitwa Wi-Fi Direct. Hakuna ruta katikati, hakuna intaneti, hakuna bando. Unaweza kuiweka simu kwenye hali ya ndege, ukawasha Wi-Fi peke yake bila kujiunga na mtandao wowote, na picha ikaenda vilevile. Kwa nyumba ya Ngarenaro au Pasua isiyo na ruta, yenye simu tu na bando la kuhesabu, hii ndiyo njia ya kujaribu mwanzo, hasa kama video zenyewe ziko tayari kwenye memori ya simu.

Kinachowapoteza watu ni majina. Karibu hakuna kampuni inayoandika Miracast kwenye menyu. Kwenye simu ya Samsung inaitwa Smart View, na ipo kwenye vitufe vinavyoshuka ukivuta kioo kutoka juu. Kwenye Redmi na Xiaomi nyingine ni Cast. Huawei wanaiita Wireless Projection. Kwenye Tecno na Infinix jina hubadilika kutoka toleo moja hadi jingine, kwa hiyo ingia Settings, andika cast au wireless display kwenye sehemu ya kutafuta, utaangukia penyewe. Upande wa TV nako kila mtu na jina lake: LG ni Screen Share, Sony ni Screen mirroring, na Hisense nyingi ni Anyview Cast.

Utaratibu ni uleule popote. Anza na TV: fungua hiyo sehemu ya kupokea na uiache wazi, maana TV nyingi hazisikilizi mpaka uwe umeifungua. Kisha washa Wi-Fi ya simu, fungua Smart View au Cast, subiri sekunde kumi hadi thelathini jina la TV litokee, liguse. TV itauliza kama umruhusu mgeni huyu. Hapo kuwa makini. Mtu akibonyeza Deny kwa bahati mbaya, TV za Samsung huiweka simu hiyo kwenye orodha ya waliozuiwa na haitauliza tena. Simu itahangaika kuunganika bila mwisho na hakuna kitakachokueleza kwa nini. Dawa iko ndani ya TV: Settings, General, External Device Manager, Device Connection Manager, kisha Device List. Ifute simu kwenye orodha hiyo, au iruhusu, uanze upya. Kwenye matoleo mapya njia ya kufika hapo hutofautiana kidogo, lakini jina Device Connection Manager halipotei.

Si kila Android inayo. Mwaka 2015, kwenye toleo la 6, Google iliiondoa Miracast katika Android yake yenyewe, ikabaki na teknolojia yake nyingine, Google Cast. Samsung, Xiaomi, Huawei na wengineo waliibakiza kwenye simu zao, lakini Google Pixel hazina, na simu nyingi za bei ya chini kabisa nazo zinaikosa. iPhone hazijawahi kuwa nayo. Kwa hiyo kijana mwenye Pixel akiona simu ya mama yake ya Samsung inaingia na yake haiingii, asihangaike kuizima na kuiwasha. Njia hiyo kwake haipo.

Kosa la kawaida kuliko yote ni la hotspoti. Simu inagawa intaneti kwa TV, halafu simu hiyohiyo inaombwa irushe kioo kwa Miracast. Redio ya Wi-Fi ndani ya simu ni moja, na simu nyingi haziwezi kugawa hotspoti na kushikilia Wi-Fi Direct kwa wakati mmoja. Samsung hukuambia wazi kwamba hotspoti itazimwa. Nyingine zinakataa kimya. Ukirusha kioo, zima hotspoti. Kama unachotazama kinatoka intaneti, simu itaendelea kukivuta kwa data yake ya kawaida ya laini huku ikirusha picha kwa Wi-Fi.

Picha ikikwama au ikivunjika vipande vipande, angalia masafa kabla ya kuilaumu simu. Wi-Fi ya 2.4 GHz ina chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11, na zote zinagombewa na ruta za majirani, hotspoti, spika za Bluetooth na hata oveni ya maikrowevu. Kwenye hosteli za wanafunzi za Moshi, ambako kila chumba kina hotspoti yake jioni, 2.4 GHz inajaa kiasi kwamba picha ya 1080p, yaani ya HD kamili, haipiti. Masafa ya 5 GHz yana nafasi kubwa zaidi lakini yanachoka haraka kwenye ukuta wa bloku. Kwa kurusha kioo hilo si tatizo, kwa kuwa simu na TV ziko sebule moja. Kama simu yako imejiunga na ruta ya 2.4 GHz, itoe kwenye ruta hiyo kwanza. Simu nyingi hulazimika kuchezea chaneli mbili kwa zamu zikishika ruta na TV pamoja, na hapo ndipo sauti inapoanza kukatakata. Kaa ndani ya mita tatu hadi tano, bila grili ya chuma wala kabati katikati.

Kuna ucheleweshaji usioondoka kabisa. Kubana picha, kuirusha na kuifungua huchukua sehemu ya sekunde, kwa kawaida kama moja ya kumi hadi tatu za kumi. Filamu haisumbuliwi, kwa sababu picha na sauti zinachelewa pamoja. Mchezo wa mpira wa kwenye simu unasumbuliwa sana: unabonyeza, mchezaji anapiga baadaye. Kuweka TV kwenye Game Mode kunapunguza sehemu inayotoka kwa TV, siyo inayotoka kwa simu. Anayetaka kucheza kwa dhati atumie waya.

Sauti ikibaki kwenye simu, angalia kama kuna spika au hedifoni za Bluetooth zimeshikamana, uzikate. Kingo za picha zikikatwa, TV inaivuta picha kupita fremu yake, kwa hiyo tafuta Just Scan kwenye LG au Fit to Screen kwenye Samsung. Mistari myeusi juu na chini haina tiba wala haihitaji: simu za siku hizi ni ndefu, nyingi uwiano wa 20 kwa 9, na TV ni 16 kwa 9.

Kutuma video

Alama yake ni kimstatili chenye mistari mitatu iliyopinda kwenye kona ya chini kushoto. Utaiona juu ndani ya YouTube na programu nyingine nyingi. Hii ni Google Cast, iliyokuja mwaka 2013 na Chromecast, kijiti kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI la TV, na leo imo ndani ya karibu kila TV yenye mfumo wa Android TV au Google TV. Ukiigusa na kuchagua TV, simu inapeleka maelezo tu ya video gani ichezwe. Baada ya hapo unaweza kupokea simu, kuzima kioo, hata kutoka nje kwenda dukani, na video inaendelea, kwa sababu TV ndiyo inayoivuta.

Hapo ndipo bando linapoyeyuka. Kwenye simu, YouTube hutosheka na picha ya 480p kwa sababu kioo ni kidogo. TV ya inchi 43 inaomba 1080p, na yenye 4K inaomba zaidi. YouTube yenyewe inapendekeza kasi ya megabiti 1.1 kwa sekunde kwa 480p, 2.5 kwa 720p, 5 kwa 1080p na 20 kwa 4K. Ukizidisha kwa sekunde 3,600 na kugawa kwa nane, saa moja ya kasi hiyo inakuwa takriban GB 0.5, GB 1.1, GB 2.25 na GB 9. Matumizi halisi huwa chini kidogo, lakini uwiano ni huohuo. Mechi yenye muda wa nyongeza kwa 1080p inaweza kukaribia GB 5, na mtu aliyezoea kuitazama kwenye simu hatakuwa ametarajia hilo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ukitumia bando ni kufungua alama ya mipangilio kwenye video yenyewe na kuteremsha ubora hadi 480p. Kwa umbali wa mita tatu, kipindi cha mazungumzo au mahubiri kinatazamika vizuri tu. Kwenye Netflix ubora unawekwa kwenye akaunti: kiwango cha chini ni mpaka GB 0.3 kwa saa, cha kati mpaka GB 0.7, na cha juu mpaka GB 3 kwa picha ya HD au GB 7 kwa 4K.

Ili kutuma kufanye kazi, simu na TV lazima ziwe kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi, na mtandao huo uwe na intaneti. Simu inaitafuta TV kwa kupaza ujumbe mfupi ndani ya mtandao wote, na TV inajibu. Kitu chochote kinachouzuia ujumbe huo kinaifanya TV isionekane, hata kama vifaa vyote viwili vinaonyesha alama kamili za Wi-Fi. VPN, programu inayopitisha intaneti yako kwenye njia ya pembeni, ni mojawapo, izime. Kwenye iPhone, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, kila programu inaomba ruhusa ya Local Network. Programu uliyoinyima siku ya kwanza haitaiona TV mpaka urudi Settings, Privacy & Security, Local Network, uiwashie.

Kwenye hoteli na loji kizuizi kimewekwa makusudi. Wi-Fi ya wageni huwatenga watu wasionane ndani ya mtandao, na ni vyema iwe hivyo, vinginevyo mgeni wa chumba namba 5 angetuma video kwenye TV ya chumba namba 6. Isitoshe, nyingi zinaanza na ukurasa wa kujaza jina au namba ya siri, na TV nyingi hazina namna ya kuujaza. Hapo tumia kipengele cha YouTube kinachopita pembeni: fungua YouTube kwenye TV, ingia Settings, Link with TV code, utapata namba ya tarakimu 12. Kwenye simu ingia Settings za YouTube, Watch on TV, Enter TV code, uiandike. Simu na TV hazihitaji kuwa kwenye Wi-Fi moja. Simu inaweza kuwa kwenye data yake, TV kwenye mtandao mwingine wowote wenye intaneti, na zitashikana. Njia hii haijulikani kama inavyostahili, na inafanya kazi pia kwenye TV za Samsung na LG zisizo na Google Cast, mradi ziwe na programu ya YouTube.

Sasa turudi kwenye hotspoti, kwa kuwa nyumba nyingi za Arusha na Moshi ndiyo wanayoishi nayo. Ukitaka kutuma video huku simu hiyohiyo ikigawa intaneti, matokeo yanategemea simu: nyingine zinaiona TV iliyojiunga nayo, nyingine haziioni. Usipoteze jioni kubahatisha. Tafuta simu ya zamani, hata yenye kioo kilichopasuka, itie laini yenye bando, iwe ndiyo hotspoti ya kudumu iliyochomekwa chaja karibu na TV. TV na simu yako ya mkononi zijiunge nayo zote mbili. Kifaa cha mfukoni cha MiFi kinafanya kazi hiyohiyo, ila hakikisha kwenye mipangilio yake hakijawekwa kutenganisha wanaojiunga.

TV ikiwa haiioni hotspoti kabisa, uwezekano mkubwa hotspoti iko 5 GHz na TV inajua 2.4 GHz tu. TV za bei nafuu na vijiti vingi viko hivyo. Kwenye Android badilisha Band iwe 2.4 GHz ndani ya mipangilio ya hotspoti. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata washa Maximize Compatibility.

Na umeme ukishakatika na kurudi, kuna tatizo jingine lisilofanana na tatizo la Wi-Fi lakini linatoka hapo: saa ya TV. Baadhi ya TV husahau tarehe zikikosa umeme kwa muda. Huduma za intaneti hukagua vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na TV inayodhani tuko mwaka 2018 inaviona vyeti vyote havifai. Wi-Fi inaonyesha imeunganika, YouTube inagoma. Ingia kwenye tarehe na saa za TV, weka zijirekebishe zenyewe, chagua Dar es Salaam au Nairobi kwenye orodha ya majira.

iPhone

Apple wana njia yao, AirPlay, tangu mwaka 2010, na inabeba kazi zote mbili: kutuma video kutoka kwenye programu, na kurusha kioo kizima kwa kitufe cha Screen Mirroring. TV za Samsung, LG na Sony zilianza kuipokea kwa wingi kwenye matoleo ya mwaka 2019. Kama TV yako ni ya kabla ya hapo, huenda isitokee kwenye orodha. Mwenye Android TV isiyo na AirPlay anaweza kuweka programu ya kupokea kama AirScreen. Inafanya kazi, ingawa kwa TV yenye prosesa dhaifu picha hukwama. Vijiti vya HDMI aina ya AnyCast navyo hupokea iPhone, lakini lazima kwanza ubonyeze kitufe kidogo cha pembeni ili kitoke hali ya Miracast kiingie hali ya AirPlay na DLNA. Maandishi kwenye TV yatabadilika yakuonyeshe jina la Wi-Fi ya kijiti na namba yake ya siri. Watu wengi wanakirudisha kijiti dukani kwa kosa la kitufe hicho.

Hiyo DLNA ni njia ya zamani, shirika lake lilianza mwaka 2003 na kufungwa mwaka 2017, ila TV nyingi bado zinaielewa. Inahamisha faili lenyewe la video kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV kupitia Wi-Fi ya ndani, bila intaneti. Udhaifu wake ni kwamba TV lazima iijue aina ya faili. Video zilizopigwa na iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 mara nyingi ni za HEVC, namna mpya zaidi ya kubana video, na TV kongwe inasikika sauti bila picha au inakataa faili zima. Kurusha kioo hakuna tatizo hilo, kwa sababu simu inaifungua video yenyewe na kuibana upya kwa namna TV inayoielewa.

Kioo cheusi

Sauti ipo, maandishi ya tafsiri yapo, picha hakuna. Hiyo ni kinga ya hakimiliki. Netflix na wenzake hawaruhusu filamu ipite kwenye kurusha kioo ovyo, ili isirekodiwe. Programu za benki nazo hujifunika vivyo hivyo ili namba zako zisionekane. Hakuna mpangilio wa simu utakaoliondoa hilo. Fungua programu ya Netflix iliyomo ndani ya TV.

TV isiyo smart, monita, na TV ya chogo

TV yoyote yenye tundu la HDMI inaweza kupokea simu kwa kijiti. Kinachoviangusha vijiti hivi ni umeme mdogo. Kijiti kinataka volti 5 na takriban ampea 1. Tundu la USB 2.0 nyuma ya TV limepangiwa kutoa ampea 0.5, na la USB 3.0 ampea 0.9. Kijiti kinawaka, kinaonyesha nembo, kinakubali simu, halafu video inapoanza kucheza prosesa inadai umeme zaidi na kijiti kinajizima na kuanza upya. Mwenye nacho anadhani ni kibovu. Kichomeke kwenye chaja ya simu ya ampea 1 au zaidi, ya ukutani, na ukitumia waya wa USB mrefu na mwembamba uubadilishe, maana nao unapoteza volti njiani. Pia kisibanwe moja kwa moja nyuma ya TV, ambako bati la mgongo wa TV linakizibia Wi-Fi. Kale kawaya kafupi ka HDMI kanakokuja ndani ya boksi kamewekwa kwa kazi hiyo.

Ukinunua Chromecast ya mtumba, jua kwamba Google ilisitisha masasisho ya ile ya kwanza ya 2013 katika mwaka 2023, na aina yote ya Chromecast iliacha kutengenezwa mwaka 2024. Za kati bado zinafanya kazi.

Monita ya kompyuta yenye VGA tu inahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda VGA, na kwa kuwa VGA haibebi sauti, chagua chenye tundu la hedifoni la milimita 3.5. TV ya chogo inahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda AV, kile cha pini nyekundu, nyeupe na njano. Nacho kinataka umeme wake wa volti 5, na maandishi madogo hayatasomeka, lakini picha za familia na video zinaonekana.

Kama una laptopu ya Windows 10 au 11 imeunganishwa na projekta au monita, huna haja ya kununua kitu. Ingia Settings, sehemu ya Optional features, ongeza Wireless Display. Kisha fungua System, Projecting to this PC, uruhusu. Laptopu inakuwa kipokezi cha Miracast, na simu yoyote ya Android yenye Miracast itaiona.

Mbele ya watu

Tuseme mwongoza wageni wa Moshi anataka kuwaonyesha wapanda mlima Kilimanjaro ramani ya njia ya Machame au Lemosho kwenye TV ya hoteli kabla ya safari. Kwa kazi ya namna hiyo, rusha kioo kwa Miracast usitegemee Wi-Fi ya hoteli, na pakua ramani na picha kwenye simu mapema. Washa Do Not Disturb kabla ya kuunganisha, si baada. Ujumbe wa M-Pesa wenye salio lako ukishuka juu ya kioo, wageni wote wameusoma. Ficha pia maelezo ya ujumbe kwenye kioo kilichofungwa, na chomeka chaja, kwa sababu kubana video kwa saa nzima kunamaliza betri na kupasha simu moto hadi yenyewe inapunguza kasi.

Kwa ukumbi wenye watu mia mbili, kitchen party au ibada, ushauri wetu ni waya. Watu mia mbili ni simu mia mbili zinazopiga kelele kwenye masafa yaleyale. Kumbuka tu kwamba tundu la USB-C la simu nyingi za kawaida halitoi picha. Linatoa picha pale tu simu ina DisplayPort Alt Mode, kama Galaxy S, Pixel 8 na kuendelea, au iPhone 15 na kuendelea. Kwa simu nyingine, peleka faili kwenye laptopu, na laptopu iende HDMI.

Na kama bado hujanunua TV, ijaribu ukiwa dukani kwa simu yako mwenyewe, siyo ya muuzaji. Weka hali ya ndege, washa Wi-Fi, rusha kioo, cheza video ya dakika tano iliyomo kwenye simu. Ikipita, Miracast ipo na inashika. Kisha simu ya pili igawe hotspoti ya 2.4 GHz, TV na simu yako zijiunge, utume video ya YouTube. Mwisho geuza TV utazame maandishi kando ya tundu la USB. Pakiwa pameandikwa 5V 0.5A, nunua na chaja ya kijiti hapohapo.